Chakula cha Baba Mkwe Nilikuwa Nawamwagia Nguruwe

Kosa ni langu. Naanza na hilo mapema ili usije ukafika katikati ukadhani nimekuja hapa kujitetea. Jina langu nifichie, na la mwanangu nimelibadilisha, maana huku kwetu Rungwe watu tunajuana mpaka ukoo.

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Matwebe, nimeolewa Kisiba, na huu ni mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yangu. Mume wangu, nitamwita baba Lusajo, anafanya kazi Tunduma. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine haji kabisa. Nyumbani tulikuwa tumebaki mimi, wanangu wawili na baba mkwe wangu. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa.

Baba mkwe alikuwa na nyumba yake ndogo palepale uani, upande wa pili wa migomba. Alikuwa mtu wa zamani. Wanyakyusa wa rika lake wanashika mwiko kwamba wewe na mke wa mwanao hamwonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wameshauacha, mjini ndiyo kabisa, lakini yeye aliushika na mimi nilimheshimu. Tukikutana njiani, naingia migombani na kugeuza uso mpaka apite. Tukiongea, yeye yuko ndani na mimi niko nje ya ukuta.

Chakula chake nilikuwa nakiweka kwenye meza ndogo barazani kwake, nakohoa, naondoka. Akimaliza anarudisha vyombo mezani, nami nakuja kuvichukua. Miaka yote hiyo nilimjua kwa sauti yake na kwa sahani zake.

Na zilikuwa zinarudi tupu, jamani! Nikipika mbalaga, zile ndizi zetu na maharage, sahani inarudi imefutwa mpaka mchuzi. "Ndaga, mwanangu," ananishukuru kutoka ndani. Nilikuwa naringa kwa hilo. Wenzangu wanalalamika wakwe zao wasumbufu, mimi nasema wangu hana makuu, anakula kila ninachopika.

Sasa nikueleze kuhusu ugonjwa wangu mimi, maana ndiko nilikopatia hicho kiburi.

Kabla ya haya yote kama mwaka hivi, nilianza kuungua kifuani. Hapa katikati. Nikila tu, moto. Nikiinama kupalilia, maji machungu yananipanda mpaka kooni. Niliamini ni moyo. Nikaenda hospitali Tukuyu nalia njia nzima, nikiwaza wanangu watalelewa na nani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza maswali mengi. Panauma ukipanda mlima au ukishiba? Ukilala inazidi? Unatoka jasho, mkono unakufa ganzi? Akanipima hiki na kile, mwisho akaniambia siyo moyo, ni asidi inapanda kutoka tumboni. Akaniandikia vidonge. Akanikataza kulala mara tu nikitoka kula, akasema na chai ya rangi niipunguze.

Nikiwa nimeshasimama niondoke, akaniita.

"Mama, sikiliza na hili. Chakula kikianza kukukwama, au ukikonda bila sababu, au ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, hiyo usiiite asidi. Uje haraka. Usikae nyumbani unameza hivi vidonge."

Nikaitikia, "Sawa, daktari." Nilimsikia vizuri kabisa. Ndiyo maana kosa langu ni zito. Siwezi kusema sikuambiwa!

Vidonge vilinisaidia, kile kiungulia kikaisha. Na mimi nikajifanya daktari wa kijiji. Mtu akishika tumbo tu, namwambia ni asidi. Akishika kifua, asidi. Nilikuwa nanunua vidonge vilevile duka la dawa na kuwagawia majirani.

Basi mwaka jana mwezi wa tano, sahani za baba mkwe zikaanza kurudi na chakula.

Mwanzoni ugali ulibaki robo, halafu nusu. Nyama ikarudi yote, imegeuzwageuzwa tu. Na kumbe alikuwa anatumia muda mrefu sana kula. Nakuja kuchukua vyombo, bado namsikia ndani anatafuna, anakunywa maji, anatafuna, anakunywa maji.

Sikuogopa. Nakwambia ukweli, nilikasirika! Nilidhani amechoka na mapishi yangu.

Siku moja nikasimama nje ya ukuta wake nikamwuliza, "Baba, chakula hakikufaa?"

"Kizuri, mwanangu. Ni hapa tu. Kikifika hapa kinasimama."

Hapa wapi? Alikuwa ameshika mahali, lakini mimi niko nje, sikumwona. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza.

"Panawaka, Baba?"

"Panawaka pia."

Nikalidaka hilo la kuwaka. Lile la kusimama nikaliacha palepale ukutani. "Ah, Baba, hiyo ni asidi! Hata mimi nilikuwa nayo. Nitakuletea dawa."

Nikamwekea vidonge barazani, asubuhi kimoja kabla ya kula. Na wiki ya kwanza vilimsaidia kweli. "Kifua kimepoa, mwanangu. Ndaga fijo." Nilifurahi kama nimemfufua mtu. Nikampigia simu baba Lusajo kumweleza. Akasema, "Mungu akubariki, mama Lusajo. Bila wewe sijui baba angekuwaje."

Lakini sahani hazikurudi tupu.

Jumapili moja wifi yangu akaja. Ni dada wa mume wangu, anakaa Bulyaga pale Tukuyu mjini, anauza vitenge. Alikuwa haji mara kwa mara kwa sababu ya biashara. Alinikuta jikoni nimetoka kuchukua vyombo vya baba yake, sahani imejaa vilevile nilivyoipeleka. Jikoni walikuwemo majirani wawili wamekuja kuomba mbegu za maharage.

Wifi akaangalia ile sahani, akaniangalia mimi.

"Wifi, baba siku hizi anarudisha chakula? Unamwekea nini humo?"

Akacheka. Jirani mmoja akacheka. Yule mwingine hakucheka.

Najua wifi alikuwa anatania, leo najua. Lakini wewe hujakaa kijijini na neno kama hilo! Mama mmoja jirani yetu alirudi kwao na watoto wanne kwa sababu mkwe wake aliacha kula chakula chake na watu wakaanza kunong'ona anamwekea sumu. Hakuwa amefanya lolote yule mama. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kitu. Lakini aliondoka.

Nikawaza, sasa ni zamu yangu.

Basi kuanzia siku ile nikawa nawahi. Nasikia tu kimeza cha barazani kimegongwa na sahani, natoka mbio. Naifunika na kanga, nazunguka nyuma ya migomba mpaka kwenye banda, namwaga. Naisuuza palepale. Nikirudi jikoni sahani ni nyeupe. Akija mtu, atakuta sahani tupu imelala juu ya kichanja.

Nilikuwa na nguruwe wawili. Walinenepa mpaka watu wakaniuliza nawapa pumba ya wapi.

Miezi mitatu, ndugu yangu. Miezi mitatu!

Na mikono yangu ilikuwa inajua kila kitu. Ugali ukimshinda, nampikia ndizi. Ndizi zikimshinda, naziponda. Zilizopondwa zikirudi, namkorogea uji. Uji mzito ukirudi, naongeza maji. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa namfuata baba wa watu akishuka ngazi moja moja, huku mdomoni nasema asidi, asidi.

Baba Lusajo akipiga simu, swali lake ni lilelile.

"Baba anakula?"

"Anakula vizuri. Leo kamaliza sahani yote."

"Na ile asidi?"

"Imetulia. Anatumia dawa."

"Kwa hiyo nisije? Maana naweza kuomba ruhusa nikampeleka Mbeya wakamwangalie."

"Usijisumbue, baba Lusajo. Mwezi ujao ukija utamwona mwenyewe."

Mwezi ujao hakuja, kazi zilimbana. Na mimi nikashukuru! Unanielewa? Nilishukuru mume wangu hakuja kumwona baba yake.

Kwa nini? Najiuliza kila siku. Nilihofu akipelekwa hospitali wakamkuta na kitu kibaya tumboni, watasema mnaona, ni chakula chake yule. Sikufikiria kwamba kipimo hichohicho ndicho kingenisafisha.

Wifi alikuja tena mwezi wa saba. Kipindi kile ukungu haunyanyuki mpaka mchana, kila mtu amejifunika. Baba mkwe alimpokea akiwa amevaa koti lake zito, blanketi juu, kofia mpaka machoni. Wifi akatoka mle ndani ana wasiwasi.

"Baba sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Anasema ni mafua. Nimpeleke hospitali kesho?"

"Ameshapata dawa za hospitali," nikamjibu. "Ni asidi, kama yangu ile."

Sikusema uongo kwa maneno, dawa zilikuwa za hospitali kweli. Ila nilizipewa mimi! Wifi akaelewa kwamba baba ameshapimwa. Nikamwacha aelewe hivyo. Akaniachia machungwa ya baba, akarudi zake Bulyaga.

Mwezi wa nane, saa sita mchana, niko uani naanika maharage, nikasikia kikohozi. Siyo kile cha kawaida. Kama mtu anazama. Nikasimama barazani nikaita, "Baba?" Kimya, halafu tena kile kikohozi.

Nikavunja mwiko. Nikasukuma mlango.

Mungu wangu!

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda bila shati, kikombe kimeanguka, maji yanamtoka puani. Maji matupu, siyo uji. Maji yalikuwa yamekataa kushuka. Nilimwona baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza na nikahesabu mbavu zake. Mabega yalikuwa mifupa miwili imefunikwa ngozi. Shingo kama ya mtoto. Mtu niliyekuwa nasema kwenye simu kwamba anamaliza sahani!

Akavuta blanketi akajifunika uso. "Usinione, mwanangu. Usinione."

Nikamshika nikamkalisha vizuri. Nilimwinua peke yangu, na mimi siyo mtu wa nguvu. Nikapiga kelele majirani wakaja, tukapata gari, tukaenda Tukuyu. Pale hawakukaa naye. Walimwuliza maswali mawili matatu, wakamtundikia dripu, wakatuandikia barua ya kwenda Mbeya siku hiyohiyo.

Mbeya walimpitisha mpira wenye kamera kooni. Baba Lusajo alishafika kutoka Tunduma, wifi naye alikuwepo. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akatuita kwenye chumba chake. Akatueleza kuna uvimbe ndani ya umio, ile njia ya kushushia chakula. Ni saratani. Umeziba karibu njia yote.

"Lakini alikuwa anatumia dawa za asidi na zilimsaidia," wifi akasema.

"Zilimpunguzia kuungua," daktari akajibu. "Uvimbe uliendelea kukua. Kuungua ni jambo moja. Chakula kukwama ni jambo jingine kabisa, hasa vikianza vigumu, vikaja laini, mwisho maji. Nani anampikia mzee?"

"Mimi."

"Alianza lini kushindwa vyakula vigumu?"

Wote wakanigeukia. Mume wangu, macho mekundu. Wifi, leso mdomoni. Nikafungua mdomo nikasema, "Kama wiki tatu."

Wiki tatu! Daktari aliniangalia muda mrefu. Nafikiri alijua, maana mwili ule haukukonda kwa wiki tatu. Aliandika tu. Akasema hali ilipofika hawawezi tena kuuondoa, watamwekea kibomba ili apitishe uji na maji. "Mngemleta mwanzoni tungekuwa na njia nyingine za kujaribu," alisema. Hakusema angepona. Nataka niwe mkweli na hapo pia. Alisema kungekuwa na njia.

Wodini mwiko wetu uliisha, maana kulikuwa hakuna kuta. Nilimwosha uso, nilimnywesha kwa kijiko. Siku ya tatu baba Lusajo na wifi walikuwa wametoka kufuata dawa, tukabaki wawili. Baba mkwe akanishika kiganja. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, niliinama.

"Nilikuwa nakuona, mwanangu."

"Unaniona wapi, Baba?"

"Dirishani. Unaficha sahani na kanga, unakwenda kuwapa nguruwe."

Nikasubiri anilaani. Ingekuwa haki yake.

"Nikasema, mtoto huyu ananitunzia siri. Mimi niliogopa, mwanangu. Niliogopa wakijua watanipeleka kupasuliwa, nife mbali na nyumbani. Nikakuona unaficha, nikajua umenielewa. Ndaga. Ndaga fijo."

Alikuwa ananishukuru!

Ningemwambia pale. Ningesema, Baba, sikuwa nakuficha wewe, nilikuwa najificha mimi. Na hata yeye ningemwuliza alichokuwa anaogopa, miezi ile yote, tungekaa tukazungumza japo kupitia ukuta, labda angekubali kwenda. Lakini nilimwona usoni amepata amani. Au niseme ukweli, niliona mlango wa kutokea. Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Alifariki mwezi wa kumi, nyumbani, kwenye kitanda chake.

Msibani wifi yangu alisimama mbele ya watu. Alisema kuna siku alitamka neno la utani ambalo halikufaa, kuhusu chakula cha baba, na linamwuma. Akasema hakuna binti aliyemtunza baba yao kama mimi. Akapiga magoti, wifi mkubwa wa miaka hamsini, mbele ya ukoo mzima na wanakwaya, akaniomba msamaha. Wanawake wakalia. Nikamwinua, nikamkumbatia, nikamwambia nimekusamehe.

Mimi! Mimi ndiye niliyemsamehe yeye!

Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Kiungulia changu kimerudi, vidonge ninavyo na sivimezi. Wifi ananiletea vitenge, ananiita mdogo wangu. Kanisani nikipita wazee wananionyesha kwa wake wa watoto wao kama mfano.

Mwezi uliopita nikashindwa. Baba Lusajo alikuja likizo, tukawa tunamenya magimbi uani, nikamwambia yote. Sahani, nguruwe, zile simu, zile wiki tatu. Hakunipiga. Hakupaza sauti. Aliweka kisu chini akaniuliza kitu kimoja tu.

"Nilipokuuliza nije, nisije, ulikuwa umeshajua baba hamezi?"

"Nilikuwa najua."

Aliinuka akaenda shambani. Kesho yake asubuhi aliaga watoto akarudi Tunduma, likizo haijaisha. Sasa akipiga simu anaomba kuongea na Lusajo. Nikipokea mimi anasema, "Mpe mtoto," basi. Sijui kama nina ndoa au sina. Wifi bado hajaambiwa. Atasoma hapa kama wengine, na akinitambua, basi anitambue.

Wewe unayesoma, nakuomba. Sikukatazi kununua dawa ya kiungulia. Ukila ukaungua, ukainama yakapanda maji machungu, huenda ni asidi kweli, na daktari atakupa dawa upone kama nilivyopona. Lakini mtu akikwambia chakula kinasimama, usimwulize kama panawaka. Mwambie akuonyeshe kinasimama wapi. Mwangalie shingo, mwangalie mkanda wake umeongezwa matundu mangapi. Ukiona tonge linashushwa kwa maji kila mara, ukiona nyama imerudi, usibadilishe mapishi kama nilivyofanya mimi. Mpeleke. Anaweza akakataa kwa woga, mbembeleze, kaa naye, ita ndugu zake wote mkae naye.

Na kama unaficha kitu kwa kuogopa watu watasemaje, waache waseme! Mimi hawakunisema. Walinisifia, na baba wa watu yuko kaburini.